Mpaka Sindano Ifike Juu

Malindi, baada ya Alasiri

Mwanangu Lali,

Kabla hujasoma zaidi, shuka uingie chini ya basi ufunge bilula mbili za matangi ya upepo. Nimeziacha wazi makusudi. Kisha washa injini, rudi kwenye kiti chako, uitazame saa ya upepo iliyo kushoto kwa usukani. Sindano yake imelala chini kabisa. Iache ipande kwa mwendo wake. Kompresa ya basi letu Bi Mkubwa, ile mashine ya kusukuma upepo, ni kongwe kama mimi, haipendi kuharakishwa. Sasa soma.

Nakuandikia nikiwa nimekaa hapo hapo ulipokaa. Wewe umekwenda Shella kuaga jamaa, na mamako yuko ndani anakukunjia nguo. Sitakwambia uvae sweta. Amekununulia mbili na wimbo huo umeusikia juma zima. Sitakwambia usali, wala ule nini, wala ujihadhari na nani. Mamako amechungulia hivi punde akaniona na kalamu.

"Unamwandikia mwanao, au unamwandikia mke mwenzangu?" akauliza, akiligonga basi ubavuni.

Nikamwambia wote wawili.

"Basi mwambie na yeye ajifunike. Anakwenda kuolewa bara uzeeni, maskini."

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema jana.

Tajiri, mwenye basi, alikuja akakaa nasi barazani, akaeleza mpango wake. Kwamba njia ya Marereni imeingia mabasi mapya, na wafanyakazi wa chumvi hawampandi tena Bi Mkubwa kwa kuwa anawatikisa matumbo. Kwamba amepata njia huko Kinangop, milimani kwenye baridi, kushuka Naivasha kila alfajiri, na akina mama wa mboga, na watu wa maziwa, na watoto wa shule. Kwamba usukani anakupa wewe kwa sababu hakuna kijana mwingine anayelijua basi hili. Yote sawa, nami nilifurahi. Kisha akaweka kikombe chini akasema, "Huko saa ni saa, Lali. Basi likichelewa kutoka asubuhi, mimi sitauliza sababu. Madereva wako wengi."

Nawe ukasema, "Naam."

Hukusema "likiwa zima." Hukusema "tutatazama." Ulisema naam, upesi, na kichwa ukakiinamisha kidogo, na mimi nilishtuka kwa sababu niliiona shingo ya babu yako. Tulikupa jina lake. Sikudhani umechukua na shingo.

Babu yako Lali alilisema neno hilo mara moja mbele yangu, nami nikiwa kijana wa umri wako. Unajua kwamba sisi si watu wa Malindi, sisi ni Wabajuni. Kijiji chetu kilikuwa bara, mkabala na visiwa, kaskazini ambako wewe hujafika na mimi sijarudi. Tulilima ufuta na pamba. Miaka ile bunduki zikaanza kulia mwituni, na mchana mmoja wakaja watu wenye amri wakatwambia tuondoke. Ufuta ulikuwa umekwisha kukatwa, umefungwa matita, umesimamishwa ukutani upande wa magharibi wa nyumba ili ukauke upasuke wenyewe. Babu yako aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kungoja ufuta ukauke. Wakamwambia, "Nendeni tu. Mvua zikikatika mtarudi." Akasema naam. Kijiji kizima kilisema naam. Sisemi kwamba kukataa kungetusaidia. Bunduki hazina masikio. Lakini nimeishi miaka hii yote nikijua ule ufuta ulisimamishwa upande gani wa nyumba, na nikijua kwamba hapana hata mmoja wetu aliyeuliza mvua zipi.

Malindi wakatuita wakimbizi. Niliosha malori, nikajifunza kuyaendesha, nikapewa basi hili likiwa jipya linanuka rangi. Na nilijiapia kwamba nimekwisha kuondoshwa mara moja, sitaondoshwa tena na mtu yeyote kwa kuniambia "nenda tu." Kiapo hicho nilikivunja. Huko ndiko hadithi hii inakokwenda.

Lakini kwanza uelewe huyu uliyemkalia. Mabasi mapya yakikosa upepo, breki hujikaza zenyewe, na dereva hata akitaka kwenda hawezi. Bi Mkubwa ni wa zamani, hana haya hiyo. Matangi yakiwa matupu kabisa, kama yalivyokuwa ulipoingia sasa hivi, yeye ukimtia gia atakwenda. Atakwenda vizuri, kwa utiifu, mpaka kwenye mteremko. Hakuna chuma ndani yake kitakachokwambia usiende. Kitu cha pekee kinachomzuia basi huyu asiondoke bila breki ni mtu aliyekaa hapo ulipokaa. Kwa hiyo mtu huyo akiwa na tabia ya kusema naam, basi hilo halina breki hata kama matangi yamejaa.

Safari yangu ya zamani ya Kinangop umeisikia kwa mizaha tu, kwa hiyo nitakusimulia bila mizaha, ila ile itakayojiingiza yenyewe.

Kahindi wa Jilore, kondakta wangu wa siku zote, alikuwa na mpwa wake mwalimu aliyepata mchumba huko. Tajiri akatukodisha basi, tukapanda na ukoo mzima kutoka Jilore na Vitengeni, vibuyu vya mnazi, magunia ya nazi na ngoma. Harusi ilifanyika kanisani kwao, ikapendeza. Asubuhi ya pili tulikuwa tuondoke na bibi harusi. Basi nililiegesha uwanjani mbele ya kibanda cha chai cha mama mmoja, Mama Wambui.

Jioni ile, jua likitua, nilimkuta Mama Wambui uani kwake amefungua bomba, anayaacha maji yote yamwagike chini. Mimi mtu wa kununua maji kwa debe, roho ikaniuma.

"Mama, maji yanapotea."

"Wacha ipotee," akasema. "Maji ikilala kwa bomba, asubuhi bomba imekufa." Kisha akanitazama miguu, nilivyovaa makubadhi. "Na wewe mzee wa Mombasa, hiyo vidole yako utaacha hapa hapa?"

Kahindi alicheka mpaka akakaa. "Shekhe, waachie viwili tu, vya zawadi."

Nami nikacheka. Nililichukua neno la yule mama kama mzaha wa watu wa baridi. Basi langu lilikuwa limesimama pale pale, limebeba maji matumboni, na fikira haikunijia kabisa.

Wewe wajua sisi tunavyofanya huku. Dereva wa pwani hutoa maji ya matangi asubuhi, akishasali, kabla ya kuwasha. Ni kama kunawa uso. Unalala chini ya basi na spana, unafungua bilula, unatoka upepo na maji ya kikombe, masika hata zaidi ya kikombe, unafunga, umemaliza. Nilifundishwa hivyo, nikakufundisha wewe hivyo. Asubuhi ile nikatoka, nikakuta nyasi nyeupe, kioo cha basi cheupe, na paa jeupe. Niliingia chini nikajaribu bilula, haikugeuka. Nikaenda kwa Mama Wambui nikaomba birika la maji moto, nikalimwagia, bilula ikalegea. Nikaifungua yote.

Halikutoka hata tone.

Nawe ungefikiri nilichofikiri mimi. Nikasema, alhamdulillahi, hewa ya huku ni kavu, basi langu leo limelala bila maji. Nikafunga bilula nikatoka nimefurahi. Mtu aliyezaliwa Kinangop asingefikiri hivyo hata akiwa mlevi. Ni mtu wa pwani peke yake ambaye akikosa maji anadhani maji hayapo. Yalikuwepo. Yalikuwa yamekuwa jiwe.

Nikawasha injini, na sindano ikapanda mpaka juu, pazuri kabisa. Hapo nataka uikumbuke sindano hiyo inayopanda mbele yako sasa. Yeye hukwambia upepo ulio tangini. Hana habari kama upepo huo umefika kwenye gurudumu. Nikakanyaga breki, nikaachia. Huku kwetu ukiachia, pumzi inayotoka nyuma ni ndefu, kama mtu mnene anayekaa kitini. Asubuhi ile pumzi ilikuwa fupi. Niliisikia, mwanangu. Sitaki udhani kwamba sikuisikia. Nilikanyaga tena ili niisikie tena, na bwana harusi, kijana mwenye adabu, akaja dirishani akasema, "Mzee Shee, jua litatukuta njiani, twende tu." Nyuma yake wamama wameanza wimbo, na ngoma imekwisha kupigwa, na bibi harusi analia kwa kuagana, na mimi ndiye niliyebaki kuwazuia watu wote na furaha yao, kwa sababu ya pumzi fupi.

Nikasema, haya.

Bomba la kwenda breki za nyuma lina mahali linapoinama kabla ya kufika kwenye ekseli. Umelipaka rangi mwenyewe, unalijua. Katika bonde hilo maji yalikuwa yameganda yakaziba kama kizibo cha chupa. Breki za mbele zilifanya kazi, ndiyo maana uwanjani basi lilisimama vizuri likanidanganya. Tulipoanza kushuka ule ukuta wa bonde kwenda Naivasha, za mbele zilibeba mzigo wote peke yake, zikapata moto, zikaanza kunuka, kisha nikakanyaga na basi likaendelea kama halikuambiwa kitu. Nilirudisha gia kwa nguvu mpaka likapiga kelele. Nikavuta breki ya mkono, na kamba yake ikakatika. Chini yangu nilikuwa naona paa za mabati ndogo kama sarafu. Nikalielekeza basi kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, nikalisugua humo mpaka lilipochoka.

Nyimbo zilikatika, ngoma ikaviringika ikatoka mlangoni. Hakufa mtu. Sidi, dada yake Kahindi, mama wa bwana harusi, alivunjika mkono wa kulia. Tulipomtoa alikaa kando ya barabara ameukumbatia ule mkono, akamtazama bibi harusi, akamwambia, "Usilie, mwanangu. Nimekuja kuchukua mkaza mwana, nimeacha mkono. Bei si mbaya." Mpaka leo nikipita Vitengeni hunipokea kwa maneno yale yale, "Karibu shekhe, umefuata na wa kushoto?" Nacheka naye. Mkono wake haunyooki.

Na sasa sehemu iliyonifundisha zaidi ya mkono ule. Tulingoja fundi kutoka Naivasha. Jua likapanda. Mimi nilikuwa nimelala chini ya basi, nikasikia kitu kinadondoka sikioni. Nikafungua bilula, na maji yakatoka yenyewe, mengi, ya rangi ya uji kwa mafuta ya kompresa, bado yana vipande vya barafu ndani. Maji ya Malindi hayo. Hewa yetu nzito, iliyojaa unyevu, kompresa iliivuta huku nyumbani, ikaikamua tangini, nasi tukaipandisha mlima bila kujua, mpaka ilipopata baridi ya kuiua. Sababu yake nilikuja kuisoma baadaye katika kile kitabu chako cha fizikia cha kidato cha pili, ulichodhani kimepotea. Kiko chini ya mto wangu wa kulalia. Nimekisoma zaidi yako.

Fundi alifika saa nne, jua limewaka. Akakanyaga breki, zikashika, mbele na nyuma, pumzi ndefu. Akapangusa mikono. "Mzee, breki ni nzima. Ulisinzia." Nikamwonyesha maji yaliyomwagika. "Hayo ni maji tu," akasema. Tajiri naye aliposikia alisema hivyo hivyo, na wengine waliokuwamo ndani ya basi walikubali, maana wangeamini nini? Ugonjwa huu ni wa alfajiri. Ukimwita tabibu saa nne humkuti mgonjwa. Kahindi peke yake ndiye aliyesema, "Mimi nilikuwa namtazama macho. Hakusinzia. Ningetamani angesinzia, asingeniona nikilia."

Hilo ulijue vizuri, kwa sababu litakukuta. Utasema breki haziko sawa, na kufika mchana zitakuwa sawa, na mtu mwenye tai atakucheka. Mwache acheke. Usizijaribu breki zako mchana ili upate kuaminiwa. Zijaribu kwenye giza la baridi, wakati mipira ya upepo, ile mirija inayokwenda kwenye breki, imekakamaa na inavuja, wakati kila uongo wa basi uko nje. Kinachovuja alfajiri kikapona mchana hakijapona. Mweke kondakta nyuma, akae chini karibu na gurudumu, autazame ule mkono wa chuma unaotoka kwenye tumbo la breki. Ukikanyaga utoke, ukiachia urudi, kila gurudumu. Akikwambia "umetoka kidogo," usimuulize kidogo kiasi gani. Kidogo ni hapana. Na asipokuwapo kondakta, mwombe hata mama wa maziwa ashuke akutazamie. Wao wanajua baridi kuliko sisi sote.

Na zile desturi zetu za kunawa uso asubuhi ziache hapa Malindi. Huko toa maji jioni, mara tu unaposimama, matangi yakiwa bado na joto la safari, na bilula uziache wazi zilale wazi mpaka asubuhi. Atakayekwambia unapoteza upepo mwambie upepo huko ni bure. Breki ya mkono usiivute ukiwa umetoka kwenye matope, maana viatu vya breki hugandamana na ngoma yake, lile bakuli la chuma la gurudumu, usiku, ukadhani gia imekufa. Badala yake tia kwenye magurudumu magogo mawili ya mvule niliyokuwekea chini ya kiti cha nyuma. Ukisahau, na asubuhi ukafungua bilula kisitoke kitu, usishukuru kama mimi. Ogopa. Watakushauri maji moto, kama nilivyojishauri mwenyewe. Yanayeyusha hapa yakasukuma maji mbele yakagande pale usipopaona. Watakushauri uwashe matambara chini ya tangi. Mtu wa kukushauri hivyo mwambie akae yeye ndani ukiwasha. Kinachofaa ni jua na subira, au boma la kuliegesha basi lisipigwe na umande, na hilo boma lidai kwa tajiri tangu siku ya kwanza. Usiliombe. Lidai. Ukiona maji yanatoka na uji mwingi wa mafuta, ringi za kompresa zimekwisha, nalo hilo lidai.

Atakataa. Kwa hiyo nikusimulie lile la Kilifi, maana ulikuwa mdogo na uliambiwa tu kwamba babako ana kichwa kigumu.

Haukupita muda mrefu tangu Kinangop. Tulikuwa tunakwenda Mombasa, tajiri mwenyewe amekaa kiti cha mbele. Tulipofika Kilifi, juu ya ule mteremko wa kushukia feri, nilikanyaga breki nikaona sindano inashuka, na nikiachia hairudi. Nikasimama. Nikazima injini, nikatia ufunguo mfukoni. Nyuma yangu malori ya korosho yamepanga foleni, na feri imefungua mdomo inangoja.

"Teremsha gari, mzee! Feri si ya mamako!"

"Mbajuni huyu anaogopa maji!"

Kahindi akatoa kichwa mlangoni. "Aogope maji? Kwao maji ni ua wa nyumba! Anachoogopa ni kukuona wewe ukielea na korosho zako!"

Watu wakacheka, lakini tajiri hakucheka. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopa, "Mzee Shee, nimesema teremsha."

Nilikuwa na wewe na mamako, na nyumba ya kupanga, na kila nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya ule ufunguo. Nikasikia pale pale ndani yangu neno naam limesimama tayari, limevaa viatu. Nikamwambia, "Nimekusikia, tajiri. Basi ni lako. Mguu ni wangu."

Nikashuka. Nikaomba sabuni kwa abiria mmoja, nikaikoroga kwenye kopo, nikapaka mipira yote ya upepo mmoja mmoja, mbele ya watu wote wakinipigia miluzi. Kwenye mpira wa breki ya nyuma povu likaanza kuvimba, likapasuka, likavimba tena. Tajiri akainama akaliona.

"Ni kitundu kidogo tu."

"Kidogo, tajiri. Na hiyo bahari hapo chini ni kubwa."

Akatuma mtu mjini amletee dereva mwingine. Akaja kijana mmoja mwenye kofia, ana maringo ya kutosha. Akatazama povu. Akatazama feri. Akasema ana homa, akarudi alikotoka. Mpira mpya ukaletwa, tukavuka alasiri, na tulipofika Mombasa nikaachishwa kazi.

Hapana aliyenishangilia, Lali. Abiria walinitukana mpaka Mtwapa kwa kuwachelewesha. Musimu mzima nilikaa bila usukani, mamako akakaanga mahamri na mimi nikayatembeza, na wapo walioniuliza kama mguu wangu sasa unanilisha. Kisha tajiri akarudi mwenyewe, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa amewashinda madereva wote, na hakutaja Kilifi, na mimi sikuitaja. Ila tangu siku ile hakuwahi tena kuniambia teremsha. Aliuliza, "Iko tayari?" Swali. Ukimlazimisha mtu mara moja aulize, atauliza siku zote. Ukimzoesha amri, ndio umekwisha.

Na bado wewe ni mwanangu na ninajua utakachoniambia: Baba, wewe ulikuwa mtu mzima, mimi ni mgeni huko, ndio naanza. Mimi nimekuwa mgeni tangu ule ufuta. Nakwambia kama mgeni mwenye ujuzi wa kazi hiyo: mgeni akisema naam siku ya kwanza, wenyeji hudhani ndilo jina lake. Huko watakuita mtu wa Mombasa, watacheka miguu yako. Cheka nao. Lakini pale sindano ilipo, na pale pumzi ya nyuma ilipo, hapo usiwe mgeni wa mtu. Hapo ni kwenu. Mimi sina kijiji cha kukurithisha. Nina kiti hiki kimoja, na mipaka yake ni kanyagio hilo.

Ukiachishwa kazi, rudi. Mamako bado anajua kukaanga mahamri, nami bado najua kuyatembeza. Sitakuuliza kwa nini. Nitakachokuuliza ni kama ungaliweza kuitazama ile foleni ya watoto wa shule, wameshika vikombe na vitabu, wanapanda mmoja mmoja, na ndani yako kuna pumzi fupi uliyoisikia.

Sasa tazama nje. Ikiwa nakijua kitu duniani, namjua tajiri. Alisema atakuja alfajiri kukuaga, na yuko hapo kando ya mlango amevaa koti, anatazama saa yake ya mkononi. Pengine amekwisha kugonga dirisha mara moja. Pengine amesema, "Lali, twende tu, utajaza njiani." Ndiyo maana niliyamwaga matangi yote jana alasiri, wewe ukiwa Shella, nikaziacha bilula wazi, nikaibandika barua hii kwenye usukani. Bi Mkubwa ameamka hana upepo hata wa kuzima mshumaa, na akiambiwa aende ataondoka. Yeye hatakukatalia. Nilitaka asubuhi yako ya kwanza ya kumngojesha mtu huyu iwe hapa, nyumbani, kwenye uwanja tambarare, mimi nikiwa ndani nyuma ya dirisha la mamako na sitoki.

Mwambie neno hilo mwenyewe. Litakukwama mara ya kwanza, lilinikwama mimi. Mwambie kwa adabu, umwamkie kwanza, kisha umwambie kwamba sindano haijafika.

Ikiwa imefika, kanyaga breki, achia, usikilize pumzi ya nyuma. Ikiwa ndefu, bismillahi, nenda, na Mungu akuweke.

Ikiwa haijafika, mwache angoje. Rudi mwanzo wa barua uisome tena.

Babako,
Shee